Mguu wa Kushoto wa Somoe

Kovu lililoko juu ya mguu wangu wa kulia, karibu na vidole, si la uji wa moto. Nimesema ni la uji kwa mama yangu, kwa mume wangu kabla na baada ya ndoa, kwa daktari mmoja wa ngozi aliyeniangalia kwa mashaka, na kwa wanangu, ambao niliwatishia kwa kovu hilohilo wasichezee jikoni. Ukweli ni kwamba ni la mafuta ya maganda ya korosho. Niliyapaka mwenyewe, kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu zote, kwa sababu nilitaka kucheza mpira kama rafiki yangu Somoe. Mtu mwenye shahada mbili hapendi kusema jambo kama hilo. Mwaka huu nimeona nilitoe, na mliokulia kusini mtanielewa haraka kuliko wengine.

Sisi tuliosoma shule ya msingi kule Mtua, Nachingwea, enzi ambazo daftari moja lilikatwa katikati likatumiwa na watoto wawili, tulijitengenezea mpira wetu. Tuliingia porini tukachanja mbungo, ule mmea unaotambaa juu ya miti mingine, tukapaka utomvu wake mikononi na matumboni. Ukikauka tunauvua kama kamba na kuuviringisha, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka upate ukubwa wa danzi. Mpira ule ulikuwa mzito na ulidunda kwa akili zake mwenyewe. Ukikupiga usoni unasahau uko darasa la ngapi.

Uwanja ulikuwa shamba la ufuta baada ya mavuno. Mnaolijua shamba la ufuta lililovunwa mnajua vile visiki vinavyobaki, vifupi na vikali, vimekaa kwa mistari kana kwamba vimepandwa kwa ajili ya nyayo za watoto. Hapo ndipo mafuta ya maganda yalipoingia. Wazee waliyapaka kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasizile, na kwenye visigino vilivyopasuka. Sisi tukafikiri, kama yanazuia mchwa, visiki vya ufuta ni nini. Kiangazi, mabibo yakiwa yameoza chini ya mikorosho na kijiji kizima kinanuka uchachu, tulikaanga maganda juu ya kipande cha bati, yakatoa mafuta meusi yanayoruka, tukayapaka kwenye nyayo kwa kijiti. Yakianza kuuma unahesabu kidogo, halafu unafuta kwa mchanga. Ngozi inakuwa nyeusi, inabanduka, na inayofuata inakuja ngumu kama ngozi ya ngoma. Baada ya hapo unakimbia popote.

Somoe alijua kipimo. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani na kwa hiyo sikuuliza mtu, nilipaka mpaka juu ya mguu, ngozi ilipo laini. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Mama akauliza nimefanya nini, na kabla sijafungua mdomo Somoe akajibu nyuma yangu, kwa sauti ya mtoto anayeshika dini: "Uji, mama. Tulikuwa tunagombania sufuria."

Alikuwa na kipaji cha kudanganya haraka, kama alivyokuwa na kipaji cha mpira.

Tangu siku ile niliwekwa golini. Golini ndiko walikopelekwa wenye vidonda, wenye pumu na wenye kusoma sana. Kwa hiyo naweza kusema bila majivuno kuwa nimeujua mguu wa kushoto wa Somoe kuliko mtu yeyote, maana ulinipiga mimi. Mashuti yake yalinipiga tumboni, kifuani na begani, na mara moja sikioni, nikasikia filimbi kutwa nzima na kukataa kuwa mpira uliingia. Alikuwa mwembamba, miguu kama ya korongo. Akifika karibu na goli alikuwa anasimama kidogo, kama aliyesahau kitu nyumbani. Beki naye anasimama. Hapo ndipo mguu unapopita.

Njaa ikishika tulikwenda kununua ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, tukaichovya kwenye pilipili ya unga. Siku hizi naiona inauzwa mjini kwa watu wanaoipiga picha kwanza. Sisi hatukuwa na subira hiyo.

Tulipokuwa darasa la sita tuliingizwa unyagoni pamoja. Yanayosemwa ndani hayasemwi nje, na sitaanza leo. Ila tulipotolewa, tumepakwa mafuta na kuvikwa kanga mpya, mama yake Somoe alitangaza kuwa mpira umekwisha. "Mwali hakimbizani na watoto," alisema. "Na mpira hauleti mchumba." Bibi yake Somoe, mama mzaa mama, ndiye aliyekuwa ametoka Chunyu, upande wa Ruangwa, kuja kutufunda. Alisikiliza yote, akaweka ugoro mdomoni, akasema: "Mimi nimemfundisha kukaa. Kukimbia sikumfundisha mimi, siwezi kumkataza." Kuanzia hapo Somoe alikwenda uwanjani amefunga kanga juu ya kaptura, anaivua akifika, anaikunja vizuri, na kuiweka nyuma ya goli langu niilinde. Kanga niliilinda vizuri kuliko goli.

Mengine yalikwenda kama yalivyokwenda. Alichukuliwa na timu ya wanawake Dar es Salaam baada ya michezo ya shule, akacheza miaka mingi, akaitwa timu ya taifa, akapanda ndege kabla yangu. Wakati huo mpira wa wanawake ulichukuliwa kama kitu cha kuwachekesha watu wakisubiri mechi ya wanaume. Nilikwenda kumwangalia mara moja, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nikakaa jukwaani na kitabu mapajani, maana tulitembea na vitabu kama wengine wanavyotembea na watoto mgongoni. Watu walikuwa wanacheka na kupiga miluzi. Kisha Somoe akasimama kidogo, kama aliyesahau kitu nyumbani, na jukwaa zima likanyamaza. Mwanamume aliyekaa mbele yangu akasema polepole, "Huyu si wa kuchekwa." Nilitamani kumwambia kuwa sikio langu linalijua hilo tangu zamani.

Goti la kulia likamsaliti, akaacha kucheza. Akasomea ualimu wa michezo, akarudi nyumbani, akapata kazi katika chuo kimoja hapo Nachingwea. Akaanzisha timu ya wasichana. Mchezaji wake bora, Minza, ni binti wa wafugaji waliohamia Kiegei na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Alipoulizwa kama amewahi kucheza mpira alisema hapana, amewahi kukimbiza ng'ombe tu. Somoe akampa namba tisa.

Wasichana hao wana viatu vya rangi ya embe na saa zinazowaambia kwamba wamechoka. Sisi tulichoka bila kuambiwa. Wanajirekodi wakinyoosha viungo, halafu wanakaa kuangalia jinsi walivyonyoosha. Lakini nimewaona wakimsikiliza Somoe, na sisi hatukuwahi kumsikiliza mwalimu namna ile. Alikuwa hasemi sana. Alikuwa anavua viatu, anauchukua mpira, anaonyesha. "Mguu wa kusimamia uko wapi? Hapa. Usipojua pa kusimama hujui pa kupiga."

Kiangazi cha mwaka jana kisigino chake cha kushoto kilipasuka, kama vinavyopasuka visigino vya watu wote wa kwetu vumbi likianza. Alikuwa na sukari kwa miaka kadhaa, na sukari ilikuwa inaua hisia za miguu yake kimyakimya. Yeye hakujua, kwa sababu ni vigumu kujua kuwa umeacha kuhisi. Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akaomba maganda kwa jirani, akayakaanga, akapaka mafuta kwenye ufa. Mkumbuke tulivyopimana utotoni: yakianza kuuma, yametosha. Safari hii hayakuuma. Akasubiri yaume. Akaongeza. Kesho yake akaongeza tena, akifikiri maganda ya siku hizi ni ya mikorosho ya kisasa, hayana nguvu.

Jioni moja ya mazoezi Minza akaona alama nyekundu juu ya mstari wa chokaa.

"Mwalimu, unatoka damu."

"Ni rangi ya kiatu," Somoe akamjibu. Nimewaambia alikuwa hodari wa kudanganya haraka.

Hospitalini walisafisha kidonda, wakasafisha tena, mwishowe wakamwambia kisigino hakiponi na sumu inapanda. Mguu ukatwe chini ya goti, upesi, la sivyo watakuja kuzungumza habari za kaburi. Somoe akasema atafikiria baada ya mashindano ya vyuo. Ndugu zake wakanipigia. Wewe umesoma, wakaniambia, wewe anakusikiliza. Watu wanaosema hivyo hawajawahi kumwona Somoe akinisikiliza.

Nilimkuta barazani kwake, mguu umefungwa na kuwekwa juu ya kigoda, anamenya ming'oko. Nilikuwa nimejiandaa njiani kama ninayekwenda kutetea tasnifu. Nikamweleza habari za mishipa, habari za miguu ya bandia, habari za mwanamke mmoja niliyemsoma mahali. Akanisogezea pilipili.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Zai, we mtu wa kusoma, nikuulize. Mwalimu wa kemia akikatwa mguu anakuwa nani?"

"Mwalimu wa kemia."

"Basi. Mimi nikikatwa huu, nakuwa nani?"

Nikamwambia makocha wengi wanafundisha wamekaa kwenye benchi. Hata mimi niliona kuwa ni jibu la kipa.

"Wale wakitaka kuonyesha wanasimama," akasema. "Kula, inapoa."

Nikala. Nikabaki naye siku chache, nikimpelekea maji ya kunawa, nikijifanya sisikii harufu, naye akijifanya haioni pua yangu. Usiku alikuwa na homa. Asubuhi alikuwa anapanda bodaboda kwenda uwanjani. Nililia mara moja, nyuma ya nyumba, karibu na tanki la maji. Akaniona. Akaniambia golini halii mtu, nikarudi Dar es Salaam bila kushinda hoja hata moja.

Huku nimekaa nikifikiri jinsi tulivyokuwa. Tulikuwa na miili iliyosema ukweli. Ukiumia unajua, ukishiba unajua, na kidonda kilipona chenyewe huku wewe ukiwa umeshakisahau, uko juu ya mti. Leo kizazi chetu tunakutana misibani na kliniki, tunaulizana presha na sukari kama zamani tulivyoulizana majibu ya hesabu. Shamba lile la ufuta limejengwa nyumba. Mbungo imefyekwa. Watoto wa Mtua wana mpira wa dukani, wa duara kabisa, na uwanja usio na visiki, na nawaombea wasihitaji ngozi ngumu. Ila sisi tulikuwa tunaingia uwanjani tukiwa wengi, na kila mmoja alirudi nyumbani na vyote alivyokwenda navyo. Sikujua kuwa hilo ni jambo la kuona fahari.

Alhamisi, nikiwa naandaa chai, simu ikaita. Somoe.

"Nimekubali," akasema. Hakusalimu.

Nikazima jiko. Nikamuuliza ni nani aliyemshawishi, maana wivu wa msomi hauishi.

"Hakuna. Juzi nilitaka kumwonyesha Minza penalti. Nikaukanyagia huu, nikaanguka. Nikalala pale kama gunia. Wakaja, wakaninyanyua, wakanipangusa vumbi, wakanikalisha. Hakuna aliyeniangalia usoni. Halafu Minza akaenda akapiga mwenyewe. Akasimama kabla ya kupiga, Zai. Kama mimi. Sijawahi kumfundisha ile."

"Ulimfundisha bila kujua."

"Labda. Basi nikaona mguu wameshaupata. Kilichobaki hapa ni nyama tu."

Nyuma yake nilisikia sauti za wodi, mtu anakohoa, ndoo inaburutwa.

"Daktari ameuandika kwa kalamu nyeusi, wasije wakakosea," akaendelea. "Mshale na herufi. Umekaa kama umepewa jezi. Wanakuja kunichukua sasa hivi. Nimekupigia uuage."

"Niuage nani?"

"Mguu. Umekupiga wewe kuliko mtu yeyote. Ngoja nikuwekee simu hapo."

Nikasikia shuka ikisogezwa. Mimi ninayeishi kwa kuandika maneno nikasimama jikoni na kijiko mkononi, nikitafuta moja. Nikafikiria kushukuru, nikaona halitoshi. Nikafikiria kuomba radhi, sikujua kwa lipi. Mwishoni nikasema, kwa sauti ndogo, kitu ambacho nilikuwa sijakisema hata mara moja tangu tulipokuwa watoto, kwa ubishi wa kipa.

"Lile shuti la utotoni, la sikioni. Lilikuwa goli."

Simu ikarudi sikioni kwake. Nikamsikia anapumua.

"Umeuambia nini?"

"Tumeshamalizana," nikasema.

"Haya," akasema Somoe. "Wamefika."