Mlinzi wa Lango Aliyetaka Kujua Ukoo

Jumamosi niliongoza mchezo wa kuigiza mezani, juu ya duka la vitenge Kariakoo. Mimi nasimulia, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini, dadu linatoa hukumu. Wote watatu walikuwa wanaanza, na walikuwa na saa moja kumwokoa mateka wa zimwi.

Kwenye lango la zimwi nikaigiza mlinzi.

"Wewe mtoto wa nani?" nikamuuliza mama mwenye duka, mmoja wa wachezaji.

"Wa mhunzi."

"Mhunzi yupi? Baba yake alitokea wapi?"

Maswali yalipofika kwa babu mzaa babu, saa ikaisha, na zimwi likamla mateka.

"Mzee, tumekuja kuokoa mtu au kuposa?" mama akafoka. "Wiki ijayo uwe zimwi, tena bubu!"

Nimekubali, ila tangu juzi nalitafutia zimwi ukoo: mama yake ni nani, na bibi yake alitokea wapi.