Vichwa Viwili vya Saruji

Nimelala miji mingi tangu nilipoondoka Karatu, na mengi ya kule nayakumbuka kwa hamu: vumbi jekundu, harufu ya vitunguu kwenye malori yaliyotoka mashamba ya Mang'ola. Kitu kimoja tu hunichukiza mpaka leo. Vile vichwa viwili vya saruji.

Vilikaa juu ya ngazi za ofisi ya serikali, vichwa vya wazungu wawili walioitwa waanzilishi wa mji. Mmoja alipasua barabara, kwa mikono ya babu zetu. Wa pili aligawa mashamba, yetu, akawapa wenzake. Uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa, vichwa vikabaki. Nilipomaliza kidato cha nne, miaka ya sabini, nilipata kibarua pale, na kazi yangu ya kwanza ikawa kuviosha kwa sabuni, pua na ndevu, eti mgeni mkubwa anakuja.

Chini ya ngazi alikaa mzee mfugaji. Alikuwa ametembea kutoka Ngorongoro kuomba ng'ombe wake waruhusiwe tena kushuka kreta kulamba chumvi. Walikuwa wanakonda kwa kuikosa. Tangu asubuhi afisa wa pale alikuwa akimwambia neno moja: "Subiri."

"Hawa ndio wenye ofisi?" akaniuliza.

"Walikufa zamani, mzee."

"Wamekufa, na bado mnawaogesha?"

Akainuka, akang'oa majani mabichi kando ya ukuta, akayaweka chini ya vichwa. Kwao anayeomba amani au huruma hushika majani mabichi, na anayepewa hapaswi kukataa. Alikuwa ameona serikali inamheshimu nani, akamwomba huyo.

Afisa akatoka, akacheka hadi akashikilia mlango. "Mzee, hao hawali nyasi!"

"Basi pokea wewe." Akayachukua, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Afisa akaficha mikono mgongoni. Alivaa shati jeupe, la kumpokelea mgeni. "Niondolee takataka hizo. Kreta imefungwa, sheria ni ile ile. Nenda kabla mgeni hajafika."

Mzee akayaachia yaanguke ngazini, akaokota fimbo yake, akashika njia ya mlimani bila kuaga.

Afisa akayasukuma kwa kiatu. Kisha akainua uso, na kwa upole ambao mzee hakuonjeshwa hata kidogo, akaniambia, "Kijana, huyu wa kushoto, sikio lake bado lina uchafu."