Sita ya Twalibu

Twalibu bin Yahaya alikuwa msaga mawe. Usicheke, kazi hiyo ipo. Mwaka themanini na mbili, katika ofisi moja ya utafiti wa madini pale Tabora, kila jiwe lilikatwa kipande cha ukubwa wa kifungo cha koti, naye akalisugua juu ya kioo kwa unga mkali na maji mpaka likamwonyesha ndevu zake mwenyewe. Babu yake alikuwa sonara wa fedha, na mkono ule aliurithi. Sabuni ilikuwa imeadimika nchi nzima, akanawa kwa majivu, na ule unga haukumtoka kuchani.

Zamani Bwana Anselm, mtaalamu wa ofisi, aliyakodolea mawe macho kwenye hadubini, punje moja moja, mpaka shingo ikakakamaa. Sasa huko Ulaya kulikuwa na mtambo mpya, hadubini ya elektroni iliyofungwa kompyuta. Unaliweka jiwe ndani, unakwenda zako kunywa chai. Mtambo unalipiga miale, kila punje inajibu kivyake, na mtambo wenyewe unaandika: hii chuma, hii shaba, hii dhahabu. Haukosei, alisema Anselm. Haya, tusiubishie.

Mawe ya kupelekwa huko yalikuwa sitini. Namba saba lilitoka Mhama, kijiji cha nyuma ya Kigwa alikokaa Batuli, dada yake Twalibu. Batuli na mumewe Shilinde walikwisha hamishwa mara moja, mwaka sabini na nne, wakatupwa hapo Mhama na virago vyao. Michungwa waliyopanda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa.

"Kaka, hayo mawe yenu hayatatuhamisha tena?" Batuli alimwuliza.

"Acha woga. Yote yanapita mkononi mwangu."

Lo, neno lile! Alilisema huku anamenya chungwa.

Siku ya kufunga kasha Anselm alikuwa Kaliua kikazi, na treni haimngoji mtu. Gundi ya kubandikia vikaratasi vya namba ilikwisha, na mjini haikupatikana hata tone. Twalibu akachukua sindano, akachora namba mgongoni mwa kila jiwe. Akazichora kama alivyofundishwa chuoni utotoni, tarakimu za Kiarabu, ndizo alizoandika maisha yake yote. Tano yake ni kiduara. Sita yake, ukiiona, utaapa ni saba ya Kizungu. Anselm alikwisha zizoea, akizisoma bila taabu. Huko ziendako nani atazisoma? Twalibu hakujiuliza.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Jiwe namba saba lina dhahabu. Anselm alimkumbatia kwa furaha, na Twalibu akasema alhamdulillahi, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa. Mwezi haukwisha, amri ikatoka: Mhama ihame, pachimbwe. Malori yakaja, nyumba zikabomolewa. Twalibu alipata habari akiwa kwenye kioo chake. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Moyo ulikufa ganzi, akaendelea kusugua.

Wiki iliyofuata kasha likarudi. Alilitoa jiwe la dhahabu, akaligeuza. Mgongoni kulikuwa na mkono wake mwenyewe: kiduara, kisha sita. Hamsini na sita! Jiwe la msitu wa Usinge, ambako hakai mtu ila nyuki. Wazungu walikuwa wamesoma sifuri saba.

Akampelekea Anselm. Anselm alilitazama, akaketi.

"Mzee Twalibu, umemwambia mtu?"

"Bado."

"Nyumba zimeshavunjwa, mzee wangu. Mimi nitaandika barua. Lakini zimeshavunjwa."

Twalibu akaitikia kwa kichwa. Si hasira, si huzuni, hakusikia kitu. Jumamosi akapanda treni mpaka Kigwa, akaenda kwa miguu kule walikohamishiwa watu wa Mhama, kwenye mbuga isiyo na mti. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia dada yake.

Batuli alikuwa anasonga ugali chini ya turubai, macho mekundu kwa moshi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Shilinde kaenda kutafuta miti ya kujengea. Karibu ukae. Ile dhahabu yetu wameshaipata?"

Twalibu akavua viatu, akaketi.

"Wanaitafuta," alisema.

"Waitafute tu." Batuli akaugeuza ugali kwenye sinia. "Maadamu ipo, mimi sina kinyongo. Nchi itapata hospitali, watoto watapata madaftari. Ningehamishwa bure, kaka, hapo wallahi ningelia."

Akamletea maji ya kunawa. Twalibu akanyoosha mikono, na Batuli akammiminia polepole, akimsugua kwa kidole ule unga wa kuchani.