Ukurasa wa tanzia haukurithi

Tangu asubuhi mimi ndiye dawati la matangazo ya vifo. Cheo hiki sikukiomba.

Ofisi yetu ya habari imepata namba mpya ya simu. Fadhili, fundi wetu wa tovuti, akaiweka kwenye ukurasa mama, ule ambao kurasa nyingine za tovuti huchukua vipande vyake, akarudi kwenye chai yake.
"Kurasa zote zinarithi hapo, mzee. Badiliko moja tu!"

Muda si muda simu yangu ikaita. Dada mmoja wa Bahi, amefiwa na baba.
"Shikamoo. Tunazika kesho na ndugu wa Kondoa hawana habari. Namba nimeitoa kwenye ukurasa wenu wa tanzia."

Namba yangu! Zamani niliwahi kushika dawati hilo, na ukurasa ule ukawekewa kipande chake wenyewe cha simu, chenye namba yangu. Ukurasa wenye kipande chake hauchukui cha mama.

"Fadhili, ukurasa wa tanzia uliukagua?"
"Ya nini, mzee? Si unarithi!"

Tangazo nimeliandika mwenyewe. Ndugu wa Kondoa wameshapanda basi.

Fadhili anasema malalamiko yapelekwe kwa namba mpya. Nimepiga. Hakuna anayepokea.

Kwa hiyo mkifiwa, nipigieni mimi. Angalau napokea.