Mkono wa Kuume Sajenti, wa Kushoto Kaporali

Enzi zetu pale mtaani Kilibula, mstari wa maji haukupangwa na nani aliyewahi kufika. Ulipangwa na galoni za baba yako, papa kama tulivyomwita. Nasema galoni, zile zenye umbo la V zinazoshonwa kwenye mkono wa shati la askari. Wenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, huziita tepe. Mtoto wa sajenti aliweka ndoo yake mbele kwenye robine, bomba letu la maji, akafuata wa kaporali, kisha wa soda, yaani askari asiye na kitu mkononi. Mwisho kabisa walikuja watoto wa walimu, wavuvi na wauza mchele, ambao papa zao, maskini, hawakuwa na cheo cha kuonekana kwa macho. Hakuna mtu mzima aliyetuwekea sheria hiyo. Tulijiwekea wenyewe, na tuliishika kuliko amri kumi za katekisimu.

Tulikuwa na sheria nyingine juu ya hiyo: galoni ya jeshi la anga ilizidi galoni ya jeshi la nchi kavu, hata kama ni chache, kwa sababu ndege iko juu na lori liko chini. Nani angebisha? Basi mimi Furaha, binti wa kaporali wa anga, niliwapita hata watoto wa masajenti wa kijani, wale wa nchi kavu. Nilikuwa wa pili katika mtaa mzima. Mbele yangu alikuwa mmoja tu, Zaina wa nyumba ya jirani, ambaye papa yake alikuwa sajenti wa anga, galoni tatu, na ile beji ya bawa kifuani. Mtu angedhani nilishukuru Mungu. Nawaambieni, aliye wa mwisho huwa amekwisha kuzoea. Wivu ni ugonjwa wa mtu wa pili.

Papa zetu walifanya kazi kambi moja ya ndege, mbali huko Shaba, kama tulivyoiita Katanga wakati ule. Walikuja likizo mara moja kwa mwaka, kila mmoja kwa zamu yake: treni mpaka Kalemie, halafu meli mpaka bandari ya Kalundu. Siku ya meli tulipigwa maji asubuhi na mapema, tukapakwa mafuta ya mawese mpaka magoti yanang'aa, tukashuka bandarini na mama. Papa alishuka kwa nguo za kiraia, sanduku lake la bati begani, na ndani ya sanduku mlikuwa na shati la gwaride la rangi ya mbingu. Jioni mama alilitoa, akalifua kwa sabuni ya kipande, akalipiga pasi ya makaa, akalitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Mikeke, samaki wa ziwani, ilichomwa, bugali ilisongwa kubwa, na majirani wakaja kula kwa macho yao yote mawili.

Mimi nilikuwa nazihesabu galoni. Moja, mbili. Mwaka uliofuata: moja, mbili. Mwaka mwingine tena: moja, mbili. Papa Zaina alipokuja likizo yake, nilichungulia juu ya ua: moja, mbili, tatu.

Kazi ya papa yangu ilikuwa kuweka vizuizi vya mbao mbele ya magurudumu ya ndege ikisimama, na kuviondoa ikitaka kwenda. "Bila minye ndege inatoroka," alikuwa akiniambia, yaani bila yeye, na mimi nilipokuwa mdogo kabisa niliamini. Lakini Papa Zaina alikuwa fundi wa injini. Alikuja na harufu ya petroli ambayo haikutoka hata kwa ndimu, na Zaina alituambia robineni kwamba rubani harushi ndege mpaka papa yake aitikie kwa kichwa. Mama aliona jinsi nilivyokuwa nakunja uso. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimwambia papa, akimaanisha asome Kifaransa, afanye mtihani wa kupanda cheo. Papa alicheka tu, akaendelea kumenya muwa wa Kiliba kwa meno. Kile kicheko nilikichukia. Niliona mtu mdogo, aliyetosheka na udogo wake.

Na Zaina, jamani, alikuwa mwema. Hapo ndipo wivu ulipopata nyumba. Angekuwa na majivuno ningemchukia kwa raha zangu, lakini shuleni, tukisimama kusalimu bendera, yeye ndiye aliyeniazima kitambaa chake nifute viatu. Kwenye nzango, mchezo wetu wa kuruka na kurusha miguu, alinipa zamu yake nikishindwa. Kila wema wake ulinichoma kama pilipili kwenye jicho.

Mwaka mmoja, papa yangu akiwa likizo, mama yake Zaina alikata shati moja la zamani la mumewe kuwa matambaa ya kufutia sufuria. Nikaona mkono mmoja wa shati ukutani kwao, galoni zake zimefifia. Nikamwomba Zaina anipe moja. Nilimdanganya kwamba ni ya mwanasesere. Akaitoa mwenyewe kwa wembe, taratibu, asiiharibu, akaniwekea kwenye kiganja.

Jumapili, papa na mama wakiwa misa ya pili, nilibaki na kisingizio cha tumbo. Nikaliteremsha shati. Uzi wa mama nilihofia ungekatika, nikachukua uzi wa nyavu wa mjomba, ule mnene anaoziba nao matundu ya nyavu zake za makila, na sindano yake kubwa. Nikaishona galoni ya tatu chini ya zile mbili, mkono wa kuume. Nilijichoma mara nyingi, nikanyonya damu isidondoke kwenye kitambaa. Nilipomaliza niliona ni kazi ya fundi wa Ulaya. Mkono wa kushoto? Galoni nilikuwa nayo moja. Nikajiambia watu wakisalimiana hutazama mkono wa kuume, huo unatosha.

Fikirieni akili hiyo. Sikuwaza kambi, sikuwaza wakubwa wa papa. Niliwaza robine tu. Jumatatu nikatangaza: "Papa yangu amekuwa sajenti!" Nikawaita wachungulie mlangoni, shati likiwa ukutani, mkono wa kuume mbele. Na Zaina aliisogeza ndoo yake, tukaziweka mbili sambamba. Aliijua ile galoni, lazima aliijua, aliitoa kwa mkono wake. Hakusema kitu. Nilikunywa maji ya kwanza ya robine siku ile na mpaka leo sijanywa maji matamu kama yale.

Jumanne mama alilikunja shati haraka haraka, meli inapiga honi, akalifungia sandukuni. Papa akaondoka.

Miezi ikapita, ikaja likizo ya Papa Zaina. Jioni watu wazima walikaa uani kwake kunywa chai ya tangawizi, nami nikasikia jina la papa yangu. Nikasogea penye ua. Alikuwa akisimulia gwaride la ukaguzi: tarumbeta limelia gizani, watu wamevaa mbio mbio, mstari umenyooka, na mkubwa amefika mbele ya Papa Furaha, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mukubwa akamuuliza," Papa Zaina alisema huku akifuta machozi ya kicheko, "'Leo minye naongea na mukono gani, ya sajenti ao ya kaporali?'"

Wote pale uani wakaangua kicheko. Mmoja akataka kujua papa alijibu nini. Papa Zaina akafungua mdomo, akaniona mimi nimeshika ua, na kicheko chote kikamtoka usoni. Akachukua kikombe chake. "Ah, ni mambo ya kazi," akasema. Wakaanza kuzungumzia bei ya ndagala, dagaa wa kwetu.

Papa yangu alikuja baada yake, na mimi safari hiyo sikukimbilia bandarini. Mama alilitoa shati sandukuni, akalitoa tena nje kwenye mwanga kana kwamba macho yake yanamdanganya. Mikono yote miwili ilikuwa mitupu. Pale palipokuwa na galoni kitambaa kilikuwa bado na rangi mpya, V mbili kila upande, na kwenye mkono wa kuume ya tatu. Kambini walimlaza korokoroni, wakamrudisha kuwa soda. Mama aliuliza, akalia, akauliza tena. Papa alisema tu, "Ni mambo ya kazi."

Kesho yake alinikuta nyuma ya nyumba ninachambua mchele. Akachuchumaa, akatoa mfukoni ile galoni ya Papa Zaina, nyuzi za nyavu bado zinaning'inia, akaiweka juu ya ungo.

"Fundi," aliniambia, "ule uzi yako iko nguvu. Bakubwa balivuta na mikono, ikakatala. Ilibidi balete wembe."

Basi. Hakunichapa, hakuniuliza kwa nini. Nilingojea fimbo siku zote za likizo ile, na ningeshukuru kuipata. Robineni nilienda mwenyewe mwisho wa mstari, nyuma ya watoto wa wavuvi. Zaina akaniita, "Kuya huku mbele, Furaha, weka ndoo yako hapa na yangu." Nilimgeuzia mgongo. Nilimwonea wivu siku ile kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na papa mwenye galoni tatu na moyo usio na doa, na mimi nilikuwa nimevipoteza vyote.

Papa hakupata galoni tena. Alistaafu soda, akavua ndagala kidogo, akafa kwa utulivu ule ule niliouchukia, nami sikuwahi kumwomba msamaha. Mimi nikawa fundi wa nguo kweli. Nina cherehani yangu mtaa wa Nyamianda, na watu husema mshono wangu hauachii. Hawajui nimejifunzia wapi.

Leo mambo ni mepesi. Pale palipokuwa na robine pana kibanda cha kuuza unite za simu, yaani vocha. Vijana hawajui papa wa nani ana nini, na hawana haja: mpangaji wangu, ambaye hawezi kuamka kabla ya saa tatu wala kukunja shuka lake, juzi amejivika ujenerali kwenye picha ya simu, nyota mabegani na miwani nyeusi, na watu mia wamempongeza. Hakuna aliyemlaza korokoroni hata saa moja. Nilicheka, halafu nikaona uchungu. Papa yangu alilala korokoroni, akakosa cheo maisha yake yote, kwa galoni moja iliyofifia.

Mwezi uliopita Zaina alikuja kwangu na bintiye, Aziza. Zaina bado ni mwema, amenenepa vizuri, na bado nikimwona kitu hunikwaruza kifuani, sioni sababu ya kuwaficha. Aziza ni wa jeshi la anga, fundi kama babu yake. Aliweka mezani shati la rangi ya mbingu na galoni sita mpya, tatu kwa kila mkono.

"Shangazi Furaha, nimepanda sajenti. Mama anasema ni weye tu utashona."

Binti wa Zaina! Mimi nina wavulana watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa kitu cha kunyoosha mgongo. Nikavaa miwani yangu, nikasema, "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya cheo. Sishoni bila kuiona."

Aziza akamtazama mama yake, akacheka, akaitoa kwenye mkoba. Niliisoma mara mbili, jina, muhuri, sahihi. Kisha nikatunga uzi, nikaanza na mkono wa kushoto. Aziza ndiye aliyesema, kwa furaha tu ya siku yake, bila kujua anachokibeba:

"Babu alikuwa anatuhadisiaka juu ya papa yako. Ile siku ya gwaride. Anasema mukubwa alimuuliza mara tatu, nani alikushonea hii? Na kila mara papa yako akajibu ile ile moja: 'Kule kwangu iko muntu mwenye kuniona minye mukubwa.'"

Sindano ilisimama. Zaina aliinamisha macho, nikajua kwamba naye ameyajua maneno hayo tangu tukiwa na ndoo vichwani. Nilitaka kumwambia Aziza kwamba si kweli, kwamba papa alikosea, kwamba mtu yule wa nyumbani kwake alimwona mdogo na ndiyo maana alishona. Badala yake nilimaliza mkono wa kushoto, nikahamia wa kuume, nikahesabu galoni mara tatu kila upande kabla ya kukata uzi. Walipoondoka nilikaa peke yangu mbele ya cherehani, na kilichonipata, Mungu anisamehe uzeeni huu, ni wivu tena. Nyumba ya Zaina ilikuwa na cheo, ilikuwa na bawa kifuani, na kumbe miaka yote hiyo ilikuwa na maneno ya papa yangu pia.