Kahawa Juu ya Kidonge

Mwaka ule nilikuwa nalisha panya weupe katika chuo kimoja hapa Tabora, na kaka yangu alikuwa akiuza kahawa mtaa wa Gongoni. Kaka alikuwa na kifafa. Vidonge ndivyo vilivyomzuia asianguke, na nyumba yetu yote iliishi kama vyombo juu ya rafu mbovu: tulitembea polepole.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwashika panya. Mwalimu alimdunga panya dawa ileile aliyomeza kaka, akambana kwa vibanio viwili masikioni, akapitisha umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Dawa ikishika, panya alitetemeka tu, kisha akaanza kujilamba. Isiposhika, kifafa kilimkamata na miguu ya nyuma ilinyooka kama vijiti.

Wiki moja mwalimu akaongeza kitu cha pili juu ya dawa: kafeini, ile nguvu iliyomo ndani ya kahawa. Panya wakaanza kunyooka mkononi mwangu, mmoja baada ya mwingine. Dawa ileile, kipimo kilekile, lakini kinga imekwenda. Waliobaki hai tuliwavunja shingo kabla ya chakula cha mchana, nami nilikula vizuri.

Mwalimu alinionya kwamba panya si mtu, na kwamba tuliwadunga kafeini nyingi mno. Mimi nilikuwa nimeshamwona kaka. Kila asubuhi alimeza kidonge kwa kikombe cha kwanza cha kahawa chungu, maana barazani kwetu muuzaji huonja kila birika jipya mbele ya wateja wake. Mabirika mangapi kwa siku? Na mwezi ule alikuwa ameanza tena kuanguka.

Ningeweza kumwambia nyumbani. Nilimwambia barazani, mbele ya wazee, kwa sababu nilitaka wasikie ninayoyajua. Niliwaeleza mpaka ile miguu ilivyonyooka.

"Kumbe tunamiminiwa na panya," mzee mmoja akasema.

"Bwana Panya," mwingine akanyoosha kikombe, "ongeza hapa."

Kaka alicheka pamoja nao. Akajimiminia kikombe, akanywa akinitazama. Akajimiminia kingine.

Haikupita wiki akaangukia jiko lake la makaa. Hakuna aliyemgusa, kwa kuogopa povu, eti linaambukiza. Waliondoa birika lisimwagike. Mkono wa kushoto ulibaki ndani ya makaa mpaka mpita njia, mtu mgeni, alipomvuta.

Kwetu wanaamini kwamba mwenye kifafa akishaungua moto hatibiki tena. Mama alimtengea sahani na kikombe chake, akaacha kumpeleka kliniki. Nilimweleza kwamba ni imani tu, kwamba kidonda kitapona na dawa itafanya kazi kaka akiacha kahawa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Moto umeshamtia alama, mwanangu. Usimsumbue."

Basi nikachukua kazi hiyo mwenyewe. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, nikamtilia kidonge katika mkono mzima na kumwachia maji. Aliitikia marahaba kwa upole, nami nikaenda kwa panya wangu nikijiona nimemwokoa.

Aliendelea kuanguka. Uani, chooni, mlangoni. Nilijua sababu. Nilimnusa mdomo kama mbwa, nikapekua chini ya kitanda chake nikitafuta kikombe, nikamwita mwongo mbele ya majirani. Kumbe tangu aungue hakuwa ameonja kahawa hata tone.

Siku mama alipofua kanzu ya kaka, mfuko ulitoa uji mweupe. Vidonge, vya wiki nyingi, vimeyeyuka pamoja kwenye sabuni. Nilimwita kaka, nikamwonyesha. Alivitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Tangu ule moto havinifai tena, nilijua," alisema. "Nilivipokea kwa ajili yako. Ulikuwa unafurahi sana."

Mama aliugeuza mfuko nje ndani, akausuuza, akaendelea kufua.