Jini wa Mtaroni Kwetu

Nilipokuwa mdogo nilikuwa na rafiki jini. Aliishi kwenye mtaro wa uani kwetu Eastleigh, na mimi niliyeogopa hata kuitikia salamu za wageni, yeye nilimwambia kila kitu. Nyanya hakubisha. Kila akimwaga maji ya moto alisema kwanza, "Bismillahi, tupisheni," asije akawaunguza viumbe tusiowaona.

Siku moja jirani mpya, mama aliyehamia kutoka Busia na hakujua desturi yetu, alitoka na sufuria ya maji aliyochemshia viazi. Akaelekea mtaroni. Sikuwa nimewahi kumsemesha, lakini nilipiga kelele, "Mama, ngoja! Rafiki yangu yuko hapo!"

Akasimama. "Kumbe haka katoto kanaongea! Rafiki gani?"

"Jini."

Nilijua atanicheka. Badala yake akachungulia mtaroni. "Ametoka?"

Nikaangalia vizuri. "Bado. Anatafuta viatu."

Akangoja na sufuria yake, jasho likimtiririka kwa mvuke.

Sasa niko kidato cha pili, na jini simwoni tena. Lakini yule mama, kabla ya kumwaga, bado huita, "Wewe wa viatu, toka!"